Themostati ya Pijo ya Baba Yako

Bunda, Jumatatu

Mpwa wangu Debora,

Mkoa mzima wa Mara, Pijo 404 ikigoma, ninayetafutwaga ni mimi. Hata mainjinia wananipigiaga. Sisi huku wazima, mama yako anakusalimu, na mihogo ya Kiriba mwaka huu imekubali.

Naandika kwa sababu kwenye simu nitashindwa. Gari ya marehemu baba yako ilichemsha njiani kwenda Butiama na silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda, kwa hiyo kwenye harusi yako haitakubeba. Nilikwambia fundi Amini alifunga themostati, kile kidude kinachofungulia maji ya injini, kichwa chini, maji yakakosa njia ya kwenda kwenye rejeta. Sasa nasikia umewakataza ndugu wote wasimpelekee gari.

Amini hakuigusa themostati hiyo. Alinionya tu, "Mzee, upande wa springi unaangalia injini."

Nikamjibu, "Nimeanza kufunga hizi wewe ukinyonya."

Nikafunga mwenyewe, springi nikaigeuzia nje.

Na siku ile nakupigia, yeye ndiye aliyekuja kutuvuta. Alikuwa amesimama hapo pembeni yangu na ndoo ya maji, akanisikia nikimtaja jina, kisha akainama kufunga kamba ya kutuvuta.

Mjomba wako,
Florian