Siki ya Metodi

Jumanne, 14 Mei

Wifi Ginka kaja, kafika getini kaziba pua. Jumamosi ni arobaini ya kaka yake, anasema, watu watakula ngano ya kuchemsha ya kumwombea marehemu kwenye ua unaonuka mkojo wa mbwa? Kweli, unanuka. Mbwa wetu Murjo kazeeka, haoni kabisa, anakojolea nguzo ile ile ya geti. Mume wangu Metodi alikuwa akimwaga ndoo ya maji kila asubuhi. Tangu afe nimeacha. Nimeacha mambo mengi.

Jumatano, 15 Mei

Dawa ya dukani siiwezi. Nimeshuka stoo. Pipa la divai yake ya mwisho lilichacha lote — alinuna wiki nzima, maskini! Basi siki ninayo ya bure. Maji kwanza, kisha siki, nusu kwa nusu, nikaiacha iingie kwenye mawe. Magadi juu, brashi, maji tena. Nilisugua nikilia. Harufu ile ile ya mikono yake msimu wa zabibu.

Alhamisi, 16 Mei

Leo chokaa kwenye nguzo na shina la mti wa jozi, kama kila mwaka. Ua mweupe, hakuna harufu. Ginka kanibusu. Murjo kanusa nguzo, kapiga chafya, kazunguka. Nilicheka! Mara ya kwanza tangu Aprili.

Ijumaa, 17 Mei

Murjo hajarudi. Kila asubuhi huenda peke yake kwenye benchi la kituoni, walipokuwa wakikaa na Metodi. Adhuhuri yuko nyumbani. Leo hayupo.

Jirani Kosta alimwona akipita getini mara mbili, pua chini, kisha akaendelea na barabara.

"Shemeji, alikuwa anatafuta geti lenu," kasema. "Umelifuta."

Mungu wangu. Hospitalini Metodi aliniomba kitu kimoja tu — Murjo asilale nje.

Jumamosi, 18 Mei

Alfajiri nimeloweka kwenye ndoo tambara analolalia Murjo, lile ambalo sijawahi kulifua. Maji yake nimeyamwaga kwenye nguzo nyeupe, kwenye mawe, hadi nje. Wageni wametoka makaburini, wanakula wamejibana kule ukutani. Wananong'ona nimechanganyikiwa. Na wanong'one. Nimekaa getini na daftari, geti wazi.

Ginka kaniletea sahani ya ngano. Nilingoja anitukane. Kaketi kando yangu, hakuziba pua. Katazama barabara, kisha ndoo.

"Ndoo imebaki na kitu?"

Nusu.

"Nipe. Nikamwage kule kwenye kona ya barabara."