Chupa Niliyoimwaga Maple Grove

Columbia Heights,
Minnesota, Marekani.
Jumapili, 8 Machi 2009

Mpendwa mdogo wangu Lusajo,

Pokea salamu nyingi za dada yako Tumpe, huku baridi ikiwa ndiyo kwanza inatuachia pua. Mimi na watoto hatujambo. Wanakusalimu sana mjomba wao. Kila ninachowaambia kwa Kiswahili wanakielewa, ila majibu yanatoka kwa Kiingereza, nawe utawasamehe. Wewe hujambo? Wifi hajambo? Mvua za Tukuyu najua hazijapumzika, na ile njia ya kwetu itakuwa matope matupu.

Mama sikuulizii kwa salamu. Ningeuliza, ungeandika "anaendelea", na sote wawili tungejua kwamba tunadanganyana.

Jumapili iliyopita ulinipigia ukaniomba nimpe Edson, mwenzetu wa huku Minnesota, dawa ya maumivu akija nyumbani, kwa kuwa hospitali ya hapo haina zaidi ya panadoli. Uliniambia Mama sasa anauma kitenge ili majirani wasimsikie. Mimi nikakujibu nini? Nikakupa mhadhara wa mikataba ya mataifa. Ukanisikiliza hadi mwisho, ukasema, "Asante, dada," ukakata simu. Hiyo asante yako imenikaa kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki.

Ngoja basi nikueleze ule mhadhara ulitoka wapi, maana hukustahili kuusikia ukiwa umesimama nje ya dirisha la mgonjwa.

Unajua nasoma jioni. Muhula huu mwalimu alitutaka tuandike kuhusu mkutano wa Shanghai, kwa kuwa mwaka huu umetimiza miaka mia. Mwaka 1909 mataifa kumi na matatu yalikaa pale kwa mwito wa Wamarekani, mwenyekiti akiwa askofu, wakajadili afyuni iliyokuwa ikiwamaliza Wachina. Miaka mitatu baadaye wakatia saini mkataba huko Hague, Uholanzi: afyuni ibanwe, mofini na kokeni zitumike kwa tiba tu. Wajerumani walisitasita, maana viwanda vyao ndivyo vilivyokuwa vikitengeneza dawa hizo. Wakasitasita hivyo hivyo mpaka wakashindwa vita. Sasa sikia hili, Lusajo. Mkataba wa Versailles uliowanyang'anya Tanganyika una kifungu cha afyuni ndani yake. Babu yetu alibadilishiwa mtawala, na dawa ya maumivu ikawekewa kufuli, kwa saini zile zile, na yeye yuko Rungwe anapalilia migomba yake, hana habari.

Niliwasifu sana wale mabwana katika insha yangu. Tena walistahili. Unamkumbuka Kitwana, kijana wa jirani zetu tulipokaa Mbeya, jinsi unga ulivyommaliza? Wala mkataba haukumkataza daktari kumpa mgonjwa mofini. Tiba iliandikwa kabisa kwamba iruhusiwe. Lakini waliokuja baadaye walishika zaidi ile habari ya kuzuia, na hospitali ndogo kama ya kwenu zikaona heri zikose dawa kabisa kuliko kuja kuulizwa imekwenda wapi. Nilipewa alama ya juu kabisa. Mwanangu ameibandika insha kwenye jokofu kwa sumaku, nami nashindwa kuitoa na nashindwa kuiangalia.

Sasa nikwambie la Alhamisi. Katika nyumba ya wazee ninayofanyia kazi, huku Maple Grove, alifariki mama mmoja wa Kizungu. Alikuwa na saratani ile ile ya Mama. Kila mara nilimuuliza maumivu yake ni kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi. Akisema tano, namdondoshea mofini chini ya ulimi, anatulia, ananisimulia habari za paka wake. Mama yangu mwenyewe sijawahi kumuuliza. Nitamuulizaje? Nikipiga simu ananiwahi yeye: "Ndaga, asante mwanangu, sisi tuko salama, nyie huko mnakula?" Na kwetu mtoto hamchimbi mzazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu wetu tumemsaidia sisi kuyaficha.

Utaratibu wa kazi ni kwamba mgonjwa akifa, mofini iliyobaki inamwagwa, wauguzi wawili wakishuhudia. Haimhusu mgonjwa mwingine, wala hairudi dukani. Shahidi wangu alikuwa Wairimu, Mkenya, ambaye habari za Mama anazijua kwa sababu ndiye anayenipa lifti na ndani ya gari lake ndimo ninamolilia. Chupa ilikuwa na zaidi ya nusu. Wairimu akafunga mlango, akanipa mgongo, akawa anaangalia theluji dirishani.

"Sikia, dada Tumpe, mimi nisha-sign," akasema. "Na sijaona kitu. Ibebe, umtumie mum."

"Wairimu, utafukuzwa kazi."

"Hiyo ni shida yangu. Mum wako analia, na hii dawa inaenda kwa sink. Hiyo ni akili kweli?"

"Si akili," nikamjibu.

Nikafungua bomba, nikaimwaga yote.

Ningependa kukwambia nilifanya hivyo kwa kuheshimu sheria. Hapana. Niliogopa. Nilimuona Edson amesimamishwa uwanja wa ndege, nikaiona leseni yangu inakwenda, nikawaona watoto wanaulizwa mama yao yuko wapi. Kwamba huna kipimo, kwamba tone likizidi ungeweza kumuua Mama kwa mkono wako, hayo ni kweli, lakini yalinijia maji yakiwa yameshapita. Ilitangulia hofu. Zamu ilipoisha Wairimu aliondoka na gari lake, mimi nikarudi kwa basi.

Ijumaa nilipiga simu hospitali ya saratani, Dar. Daktari aliyenipokea alikuwa mpole. Mofini ya maji wanayo, hata ya kwenda nayo nyumbani, ila lazima kwanza wamuone mgonjwa wenyewe. Baadaye ndugu anaweza kuifuata. Mama mdogo Keziah atawapokea Mbagala. Edson anatoka huku Jumanne, na akifika Mbeya atakuja kwenu na gari la shemeji yake, lile lenye kiti kinacholala, awapeleke Dar. Mimi kuja siwezi. Karatasi zangu za ukaazi hazijatoka, nikitoka Marekani sasa sirudi.

Kwa hiyo namuomba Mama avumilie barabara yote ile, na mgongo ule, aifuate dawa ambayo mtoto wake aliimwaga. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nami niko mbali, sijui ninachomuomba. Usimfiche. Mwambie dawa nilikuwa nayo mkononi nikaogopa. Kisha muulize maumivu yake ni kiasi gani, na umngoje ajibu, usikubali "ndaga". Akikubali safari, mshike kila mnapopita tuta. Akikataa, usimlazimishe, wala usiniandikie kwamba ni ukaidi wa wazee.

Nisalimie wifi, shangazi Philister, na Mzee Jotham wa kanisani. Waambie kwaya wasiache kuja kumuimbia. Mungu awatangulie njiani, awape dereva mwenye huruma.

Pamoja na barua hii, Edson anakuletea kitenge kipya cha Mama, mafuta ya kumkanda mgongo na miwani yako. Mama akikuuliza kama nimemtumia dawa, na atakuuliza, usipekue sanduku mara ya pili mbele yake. Haimo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kama wiki hii umechoka kunipenda,

Tumpe