Gumba Lako Kwenye Kioo

Baba,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote. Ile lebo niliisoma yote.

Shikamoo sikupi leo. Nikikuamkia nitaanza kulia, halafu sitaandika.

Ulinipeleka shule ya Kiingereza ili nikusomee makopo. Ndivyo ulivyowaambia mafundi wa vitanda waliokuja kununua polista yako ya kung'arishia mbao: "Huyu bubu wangu, ila mpe Kizungu, anasoma kama redio." Wanacheka. Ulijua nachukia, na kila wakija unarudia.

Kazi yenyewe niliipenda, hilo nalo sikukwambia. Rezini inamwagika nzito kama asali, unailainisha, unatia nta kidogo isibaki kunata, unatia dawa ya zambarau, unakorogaaa, ndipo hadina ya kukaushia, mwisho kabisa. Halafu tone kwenye kipande cha kioo, na gumba lako juu. "Likiacha alama, bado. Subiri." Miaka yote unanifundisha kusubiri, na aliyeshindwa kusubiri ni wewe.

Mafundi walilalamika kwamba kupima dawa mbili, ile ya zambarau na hadina, kunawachosha. Ukasema utazichanganya kwenye kopo moja, wao watie tu. Hadina ilikuwa ya aina mpya. Ukaniita mbele yao nikusomee kipimo. Nikasoma. Chini yake, kwa wino mwekundu, waliandika dawa hizo mbili zisikutanishwe zenyewe, zitalipuka. Nikaanza, "Baba, hapa pia wamesema..."

"Nimekuuliza kipimo, bubu. Hadithi kamsimulie mama yako."

Wakacheka. Na mie nikanyamaza. Si kwa aibu, Baba, kwa hasira. Nilisema moyoni, haya, likuharibikie kopo, na wewe uchekwe. Neno kulipuka nililiona, nikalipita. Hata walipoondoka, ukabaki peke yako na kopo lako, nilikuwa na muda wa kukwambia. Nikaenda kuanua nguo. Shuka la kwanza lilikuwa bado mkononi niliposikia kishindo.

Sasa sikia ulichotuachia. Baba Mkubwa anasema jiko la mkaa la Mama ndilo lililowasha moto. "Umemuua ndugu yangu," anamwambia, na Mama amekaa eda, hana pa kumkimbilia. Eda ikiisha, anasema, afungashe. Na Mama ameanza kuamini! Jana kaniuliza, "Hivi mwanangu, lile jiko nililizima kweli?" Alilizima, nilimwona akilimwagia maji. Nikanyamaza. Bubu wako.

Kioo chako nimekiokota uani. Tone la mwisho ulilibonyeza mapema, limekauka na alama ya gumba lako. Nimelisugua kwa mchanga. Halitoki. Na ile chupa ya pili ya hadina, ambayo hukuifungua, nimebandua lebo yake.

Barua hii nimeificha chini ya daftari mara tatu, kila mtu akipita. Sasa nasikia kandambili za Baba Mkubwa kwenye korido. Huyo hapigagi hodi.

Siifichi. Inakaa hapa mezani, lebo juu yake. Nitamsomea lebo kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, kwa sauti, mpaka Mama asikie chumbani kwake. Nitasema pia kwamba nilijua. Nakuahidi, na si kwa ajili yako.

Lala, Baba. Safari hii hunikatishi.