Mtu Niliyemkaba Peke Yangu

Hosteli ya Wachezaji,
Chumba cha mwisho, ghorofa ya kwanza.
Jumapili, 21 Juni.

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umesimama wodini na sindano mkononi. Mgongo wako je? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Barua yako niliipata juzi, nikaisoma mara mbili, mara ya pili ili niielewe. Mwandiko huo ni wa daktari, Dada, na wewe ni muuguzi tu.

Mimi mzima, ila goti la kulia linalia kila asubuhi kama mlango usiotiwa mafuta. Mama hajambo. Sweta uliyomtumia haivui hata jua likiwaka.

Najua umesikia kwamba timu yetu imeshuka daraja. Umeniuliza ilikuwaje. Nitakueleza, lakini kwanza lazima nirudi nyuma miaka tisa, kwa sababu kuna uongo nilikuambia.

Unamkumbuka Panzi, yule kijana mwepesi wa timu ya kijani niliyemvunja mguu? Kila mtu alisema ni ajali ya mpira. Haikuwa ajali. Kocha niliyekuwa naye wakati ule alinishika bega akaniambia, "Yule asimalize mechi." Nami nilikuwa mgeni kikosini, natafuta namba. Sikuufuata mpira, Dada. Niliufuata mguu. Mlio wake niliusikia kabla ya kelele zake.

Jioni ile ulinisihi niende hospitali kumwona. Wiki moja baadaye nikakuambia nimekwenda, tumeongea, yamekwisha. Sikwenda. Yeye hakucheza tena. Mimi nikapewa jina la Kizingiti, na mkataba mpya.

Sasa sikiliza. Kazi ya kiungo mkabaji ni kujua nani yuko mgongoni. Washambuliaji wanaangalia goli, sisi tunaangalia watu. Kabla mpira haujanifikia, nimeshageuza shingo mara tatu. Ndiyo kazi iliyonilisha miaka kumi na miwili.

Msimu huu, mechi ya tatu, nikageuza shingo nikamwona mtu kwenye bega langu la kushoto. Amevaa jezi ya kijani yenye mstari mweupe, soksi kaziteremsha mpaka kwenye vifundo. Mvua ilikuwa inanyesha, sote tumejaa tope, yeye hana hata doa. Wapinzani wetu siku ile walivaa nyekundu.

Sikuwa na muda wa kushangaa. Aliposogea, nilisogea. Mguu uliozoea kukaba hauulizi.

Wiki iliyofuata alikuwepo tena. Na iliyofuata. Haombi mpira, hasemi neno, anajipenyeza tu pale ambapo mkabaji mzembe hapaoni. Mechi ya tano akagusa sikio lake la kulia kabla ya kukimbia, na hapo nikamtambua. Panzi alikuwa na tabia hiyo.

Kocha wetu wa sasa, mtu mpole, aliniita chumba cha video. Akafunga mapazia, akasimamisha picha. Nilijiona nimenyoosha mkono, natema maagizo, nimekazana na uwanja mtupu.

"Huyu unayemkaba ni nani?" akaniuliza.

Wenzangu wakapata la kucheka wiki nzima: Kizingiti anakaba hewa isiingie golini! Nahodha peke yake hakucheka. Anacheza beki wa kati, nyuma yangu kabisa. Tulipokuwa tunafunga njumu akanong'ona, "Ukinionyesha mkono kule, kaka, mimi nasikia baridi."

Msimu ulipokaribia kwisha nikaamua kumtafuta Panzi. Nilidhani nitaonyeshwa kaburi. Nikaonyeshwa banda la fundi viatu karibu na ofisi ya posta. Alikuwa hai, amenenepa kidogo, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, anashona soli.

Alinitazama, akakata uzi kwa meno. "Karibu," akasema. "Umechelewa miaka tisa, lakini karibu."

Nilimwambia yote, pamoja na maneno ya yule kocha. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Msamaha nilikupa zamani. Alikosekana wa kuupokea."

Halafu akaniuliza kitu kilichonisimamisha nywele. "Kwa nini huniachi hata ndotoni?"

Akanieleza kuwa msimu huu, karibu kila Jumamosi saa kumi usingizi humbeba pale pale kitini. Anaota anacheza, mguu mzima. Akigeuka, mimi. Akikata kushoto, mimi. Mkewe, aliyekuwa anapanga viatu rafuni, akadakia: "Miguu yote miwili inarusha mateke, shemeji. Na huu wa kulia haujakunjika tangu aumie. Nikimwita haamki mpaka dakika tisini ziishe."

Dada, mimi Jumamosi saa kumi huwa niko uwanjani.

Nikamuuliza nimfanyie nini. Akafikiri sana, kisha akasema taratibu, "Nipishe. Mara moja tu."

Mechi ya mwisho jana ilitimiza wiki. Sare ingetuokoa. Mpaka dakika ya sabini na nane hakuna goli, mashabiki wamenyamaza kama watu kwenye chumba cha mgonjwa. Namba kumi wao akapata mpira katikati. Nikageuza shingo. Panzi akagusa sikio.

Niliijua njia yake. Ningeifunga kwa hatua moja, kama nilivyoifunga msimu mzima. Nikamwona nahodha akinitazama mimi, si mpira. Nikarudi hatua moja nyuma, nikapisha.

Panzi akapita karibu kiasi kwamba nywele za mkono wangu zililala. Namba kumi akapiga pasi mahali ambapo hapakuwa na mtu wake hata mmoja, na mwenyewe akajishika kichwa kwa kukosea. Mpira ulikuwa unatoka nje. Kisha ukakata kona, bila upepo, ukaingia golini polepole, kipa wetu akiuangalia.

Moja bila. Tukashuka.

Vijana walilia, na nahodha alilia kuliko wote. Kocha aliirudia picha ile mara moja tu, akaizima. Nimemlipa mtu mmoja kwa jasho la watu ishirini, na hilo sijui nilipeleke wapi.

Jumatatu nilikwenda bandani. Hana redio wala televisheni. Kabla sijakaa akaniambia, akicheka kama mtoto, "Kipa wenu aliegemea kulia. Nikaupeleka mpira kushoto, taratibu." Nikamwambia goli lile limetushusha daraja. Kicheko kikakatika. "Hilo sikuliona," akasema. "Nilipofunga tu, niliamka." Akaokota soli, akashona mpaka mteja akaja kuchukua viatu vyake.

Kocha aliniuliza kama nastaafu. Nina miaka thelathini na nne, kila mtu alitegemea ndiyo. Nimesaini msimu mmoja. Nimewashusha, nitawapandisha, hata kama nitachechemea.

Jana tulianza mazoezi. Nikageuza shingo kushoto, hakuna mtu. Nikageuza tena. Nilidhani nitafurahi.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu, hasa yule anayekataa mboga. Shangazi na Babu Mdogo wanakusalimu. Mama usimwambie haya. Mwambie tu nakula vizuri. Na uongo ule wa hospitali, nisamehe ukiweza. Mungu akulinde wewe na wagonjwa wako.

Mdogo wako akupendaye kuliko anavyosema,
Kizingiti