Belti Nilizokaza Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi 2024

Fundi mpya ameripoti leo hapa kiwandani Free Area. Chepkemoi. Mimi nabakisha miezi mitano nistaafu, kwa hivyo kazi yangu ni kumwonyesha mashine. Tulianza na ile kubwa ya kusaga chakula cha ng'ombe. Nikazima, nikafunga swichi kwa kufuli, tukatoa guard, kile kifuniko cha belti. Nikamfundisha vile mimi hupima: unabonyeza belti katikati na kidole gumba. Ikigoma, imekaza vizuri. Miaka ishirini na sita nimefanya hivyo.

Alisikiliza kwa heshima. Halafu akatoa kwa mfuko kitu kama kalamu, ndani springi. Akauliza, mzee, naweza kupima kesho?

Jumanne, 5 Machi

Puli hadi puli, yale magurudumu ya belti, ni mita moja. Aliweka rula ndefu juu ya belti, akaisukuma na hiyo kalamu mpaka ikashuka milimita kumi na sita. Chati aliyokuja nayo inasema kilo tatu zinatosha. Yetu — kilo sita na nusu. Akapima zote nne. Sita, saba, sita na nusu tena.

Nikachukua, nikapima mwenyewe. Mara tatu.

Nikamuuliza, ikikazwa hivi nini huumia? Akajibu polepole: bearing, mzee, pale shafti huzungukia. Inavutwa upande mchana kutwa mpaka ichomeke.

Sikunywa chai.

Jumatano, 6 Machi

Tulilegeza bolti za mota, tukairudisha kidogo kidogo mpaka kilo tatu, belti zote. Tukawasha.

Sijui niandikeje. Ule mngurumo niliozoea miaka yote nilidhani ndio sauti ya mashine. Kumbe ni mimi. Leo inazunguka kama mtu amelala vizuri. Wapakiaji waliacha magunia wakasimama. Oduor wa stoo akatoka kuuliza kama stima imepotea. Baada ya masaa mawili niliweka mkono kwa chuma kinachofunika bearing. Vuguvugu tu! Wiki jana hungegusa.

Kilo tatu. Mfuko mdogo wa viazi. Na mashine kubwa hivyo inatii. Nilibaki hapo mpaka Chepkemoi akaniuliza kama niko sawa.

Alhamisi, 7 Machi

Ndegwa. Tangu Jumanne nimekataa kuandika hilo jina.

2017 bearing ya mashine hiyo ilishikana, ikawasha vumbi. Kidogo tu kiwanda kiteketee. Kuweka grisi ilikuwa kazi ya Ndegwa. Manager akasema hakuweka. Ndegwa akasema, mimi niliweka, muulize huyu Makhanu, alikuwa hapo. Nikaulizwa. Nikasema sikumbuki.

Nilikumbuka. Nilimwona akiweka. Lakini belti nilikuwa nimezikaza mimi wiki hiyo, na niliogopa wakiacha mambo ya grisi watanigeukia. Akafutwa kazi.

Ijumaa, 8 Machi

Kazi. Hakuna cha kuandika. Nimepata namba ya simu ya Ndegwa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekuja Molo kwa Ndegwa. Baridi sana. Ana posho mill ya kusaga mahindi nyuma ya nyumba yake. Alinipokea kama tuliachana jana. Mkewe, Mama Tabby, akaleta chai na viazi. Nikangoja atoke, halafu nikamwambia Ndegwa yote. Grisi. Belti. Ile siku ya manager.

Nilipomaliza akauliza, ilikuwa kilo ngapi? Nikasema sita na nusu, badala ya tatu.

Akaangalia mikono yake. Akasema, unajua nilifika mahali nikaamini sikuweka? Miaka saba, Makhanu. Hata mke wangu nilimwambia labda nilisahau.

Nilidhani atanifukuza. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hiyo. Kwa hili sikuwa.

Akatoka akaenda kwa posho mill. Naandika hapa kwa meza yake, chai imepoa. Posho mill imezimwa. Nasikia watu wakiulizana nje kama unga utasagwa ama warudi nyumbani.

Mama Tabby amechungulia mlangoni. Anasema Baba Tabby amekaa juu ya gunia ndani ya posho mill, mabega yanatetemeka, na hajui kama analia ama anacheka. Anasema nisiondoke bado. Mumewe ananiita huko ndani.