Mbuzi wa Hodan

Jumatano, 5 Februari
Nimefunga tena begi la mdogo wangu. Nguo, mswaki, leso ya kulalia. Wiki moja kwa Mama hapa mtaani Iftin, wiki moja kwa Baba na mke wake mpya, ng'ambo ya soko la mifugo. Wazee wa ukoo waliamua hivyo tangu talaka, wakinywa chai yetu. Hodan ana miaka sita. Hawakumwuliza. Mimi nimemaliza kidato cha nne, basi kazi yangu ni kusindikiza begi.

Alhamisi, 6 Februari
Sasa Baba anamtaka na Adey, mbuzi ambaye Hodan alipewa alipozaliwa, kama wanavyopewa watoto wetu wote. "Mtoto na mali yake," alisema, kifua mbele. Hajui hata mtoto anavaa kiatu saizi gani. Mama alimgombania mbuzi asubuhi nzima, kwa sababu ya maziwa. Hodan alipoondoka jana aligeuka mara tatu kumtazama Adey. Nawadharau wote wawili.

Jumapili, 9 Februari
Adey alipelekwa kwa Baba Alhamisi jioni kwa tuktuk, akilia njia nzima. Kesho yake akafunguliwa kwenda kuzurura mjini na mbuzi wenzake. Jioni huyo, mlangoni petu. Akarudishwa. Akaja tena. Leo mzee mmoja wa ukoo amecheka mpaka kofia ikamdondoka: "Waryaa, wewe, mwache! Mbuzi kachagua kwao." Baba akacheka pia. Akakubali. Watu wazima hao.

Jumatatu, 10 Februari
Baba hakujua kwamba Hodan ametoka. Asubuhi Adey, akizurura, alipita kwa Baba kula maganda, na Hodan akamfuata kutwa. Magharibi wakaingia hapa, mbuzi mbele, mtoto nyuma. Amevuka barabara ya malori. Vumbi mpaka kwenye kope. "Abaayo, Adey anajua njia," aliniambia mimi dada yake. Nilimpangusa kope kwa ncha ya leso.

Kwa Baba waligundua sahani yake ilipobaki na chakula. Baba alikuja na yule mzee. Amekasirika. Kuogopa kwa ajili ya mtoto, hapana.

Mimi huwa namimina chai na kukimbilia jikoni. Leo nilibaki nimesimama na birika, nikamgeukia Baba.

"Aabo, mbuzi mlimkubalia achague kwao. Na huyu?"

"Nani amekufundisha kusema?"

Nilimjazia mzee kikombe. Alikisogeza kando bila kunywa. Safari hii hakucheka.

Jumatano, 12 Februari
Begi liko msumarini, tupu: wazee wamekubali Hodan abaki hapa. Baba atakuja kumwona Hodan hapa kila Ijumaa baada ya swala. Akikumbuka.

Hodan amelala mchana huu, mdomo wazi. Nje Adey anatafuna boksi.