Alama ya Mwanzo wa Utepe

Jumatatu, 4 Juni 1973
Bado nahangaika na kichwa cha utepe wa karatasi wa kulishia kompyuta. Matundu ya kwanza lazima yaiambie mashine hiyo iliyoko Dar: hii ni kazi ya Tabora, anza hapa. Ndipo amri za kupanga njia za malori ya mahindi zifuate. Utepe uliopita mashine iliukataa. Ndugu Meneja kasema na huu ukikwama, kazi inahamia Dar, na mimi naifuata. Na mama je? Upande wake wa kulia umepooza tangu Ramadhani. Hapandishwi treni yule.

Jioni nimemaliza. Nimeweka alama moja mwanzoni na ileile mwishoni, kama pindo za kanga. Imependeza. Najiona fundi.

Jumatano, 6 Juni
Utepe umeondoka na treni. Mama Zuhura, jirani yetu hapa Isevya, anashinda na mama nikiwa kazini. Hataki hata kipande cha sabuni. Mungu amlipe, mimi siwezi.

Jumamosi, 9 Juni
Simu kutoka Dar. Kitwana, anayeendesha mashine. Imetoa upuuzi mtupu. Kosa langu. Baada ya kuukagua utepe sikuuviringisha upya, mkia ukabaki nje. Akaanza kuulisha kwa mkia. Mashine ikaona alama ileile, ikadhani ndiyo mwanzo, ikasoma amri kinyumenyume. Mjinga mimi na pindo zangu.

Kitwana hajamwambia mtu. Kasema, "Dada, lete mwingine, mimi sijaandika kitu." Hanijui hata sura.

Jumatatu, 11 Juni
Alama ya mwanzo sasa ni yake, ya mwisho ni nyingine. Baada ya ile ya kwanza, idadi ya amri, mashine ihesabu yenyewe. Kichwa hakina sura, lakini hakidanganyi. Nimeuviringisha mara mbili, nikaupakia kwenye treni. Meneja kauliza majibu. Nimesema bado.

Ijumaa, 15 Juni
Umesomeka. Wote, mpaka alama ya mwisho. Njia za malori ya mahindi, kijiji kwa kijiji, zimetoka safi. Meneja kasema habari ya uhamisho imekwisha. Nimeenda chooni nikalia. Alhamdulillahi. Kitwana nimemshukuru kwenye simu mpaka akacheka.

Jumamosi, 16 Juni
Asubuhi nimemkuta mama anahangaika na kijiko, mkono wa kushoto, uji umemmwagikia kifuani. Kumbe Mama Zuhura alishamwambia niliyomdokeza kuhusu kuhamia Dar. Wiki nzima wanafanya mazoezi ya kula mwenyewe nikiwa kazini, ili niondoke bila wasiwasi.

Nikamwambia siendi.

Akaweka kijiko chini, akafungua kinywa. Nikamlisha.